Folda Thelathini na Moja za Mama Mukwe

Jumatano, 12 Novemba 2025

Inatangazwa kwa wakaaji wote wa Panda, kwa mji mzima wa Likasi na kwa yeyote anayehusika, kwamba leo saa nne na robo asubuhi ndoo ya bluu imehamishwa rasmi kutoka sebuleni hadi chumba cha nyuma, na ndoo ya kijani imeshika nafasi yake. Hotuba hazikuwepo. Tone la kwanza liliingia saa nne na dakika ishirini, likapokelewa.

Sababu ya uhamisho ni kwamba ndoo ya bluu haina ufa, na mgeni hapewi ndoo yenye ufa. Mgeni ni Mama Georgette, mama wa mke wangu Arielle. Upepo wa juzi ulibeba mabati ya nyumba yake kule Kikula, ukayaacha kwenye uwanja wa mpira. Atakaa kwetu hadi mvua ziishe, yaani Aprili.

Hapo pana tatizo la kiufundi. Kwa desturi ya kwao, mwanaume hatazamani uso kwa uso na mama wa mke wake, hali naye chakula, hamtaji jina kwa mdomo wala hazungumzi naye, hadi siku wanawake wa ukoo watakapompikia kuku na kumkalisha ale mbele yake. Siku hiyo huitwa kuingizwa. Nina miaka miwili ya ndoa na bado niko nje. Mara ya kwanza kulikuwa na matanga. Mara ya pili kuku waliibwa.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu.

Ijumaa, 14 Novemba

Utaratibu umepatikana. Akitaka kutoka chumbani anakohoa mara mbili, nami nageukia ukuta. Ukuta wetu naujua sasa kuliko jirani zangu.

Jumatatu, 17 Novemba

Mama mukwe amekuja na mizigo miwili. Wa kwanza ni mashine ya kutarizi, iko chumbani kwake, naisikia tu kupitia ukutani. Wa pili ni kompyuta ndogo ambayo ndani yake huchora mapambo kabla ya kuyapeleka kwenye mashine kwa waya. Zote mbili zilitoka Japani ndani ya kontena la magari yaliyotumika, na zote mbili aliuziwa na Adrien fundi magari, mtu ambaye simwamini hata akiniambia leo ni Jumatatu.

Kompyuta nzima imeandikwa Kijapani. Mama Georgette hajui Kijapani. Ameitumia miaka minne kwa kukariri maumbo ya alama, kama mtu anavyokariri nyuso sokoni. Ametarizi vitambaa vya altare, beji za shule, mashuka ya maharusi. Sasa jicho moja limefunga na la pili linaona ukungu, daktari amesema halitarudi. Hatachora tena. Yaliyomo mle ndani ndiyo yote.

Arielle ameniletea kompyuta jioni.

"Mama anauliza kama unaweza kuiangalia. Inaenda polepole sana."

"Ambia mama, ni mambo ya dakika tano."

Mimi nina kibanda cha kuchapa barua na kutengeneza kompyuta. Ufundi huu nilijifunza kwa kuziharibu.

Jumanne, 18 Novemba

Kazi nzuri leo, najisifu mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine. Nimeigeuza kompyuta iongee Kifaransa. Kisha nikakuta folda thelathini na moja zenye majina ya vijiti na visanduku, ambayo Mkristo hawezi kuyasoma. Nikazibatiza. Nilianza na mitume. Yuda nikamruka, nikaweka Mathiya. Mitume walipokwisha nikaendelea na wanakwaya wa parokia. Ya mwisho nikaiita Adrien kwa sababu alikuwa anapita barabarani akipiga honi.

Niliimba muda wote wa kazi. Nilijua ananisikia kupitia ukutani. Nilitaka anisikie.

Jumatano, 19 Novemba

Asubuhi kompyuta imewashwa chumba cha nyuma. Mashine haikulia. Kisha Arielle.

"Mama anasema bandege habaonekani tena."

"Ndege gani?"

"Bandege yake. Na masamaki. Na mauwa. Yote. Programu inafunguka paka tupu, hakuna kitu ndani."

"Ambia mama ni umeme."

Alhamisi, 20 Novemba

Ambia mama ni unyevu wa mvua.

Jumatatu, 24 Novemba

Ambia mama ni virusi, vinatoka kwenye simu za watu.

Alhamisi, 27 Novemba

Mvua siku nzima. Mashine ya chumba cha nyuma haijalia hata mara moja wiki hii. Sikujua kwamba mtu anaweza kukosa mlio kupitia ukuta.

Jumanne, 2 Desemba

Leo nimeambiwa ukubwa wa kosa langu, na mtu asiyejua kuwa ni langu.

Arielle ana mimba, tunamtarajia mtoto mwezi wa tatu. Alikuwa anakunja nepi, akaanza kusimulia bila kuulizwa. Mama yake alizaliwa kijijini, ukingoni mwa ziwa Tshangalele. Kila mjukuu wake alitolewa hospitali ya uzazi ndani ya kitambaa alichotarizi yeye, na kila kitambaa kina mchoro wake, haurudiwi. Wa kwetu ulichorwa mwaka jana, kabla hata mimba haijaingia, kwa sababu mama aliona jicho linaondoka na akataka kutuwekea akiba. Ni ndege wa ziwani wamesimama kwenye matete. Alichora miezi minne, pua ikigusa kioo.

"Mama anasema hata ya wengine ikipotea, ile moja irudie," akasema Arielle. "Weye ni fundi. Utaipata, hapana?"

"Ambia mama naipata."

Nikaenda nje kuangalia kama mvua imeacha. Ilikuwa haijaacha, nikakaa huko huko.

Jumanne, 9 Desemba

Nimeelewa nusu. Naandika ili nisisahau, na ili siku moja mtu mwingine asibatize ovyo.

Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Herufi ya Kifaransa ni namba moja. Alama ya Kijapani, katika programu hizi za zamani, ni namba mbili zilizoshikana mikono. Nilipoigeuza kompyuta iongee Kifaransa, programu ya kutarizi ilianza kusoma namba moja moja, ikatenganisha mikono yote. Ikawa inatafuta folda zenye majina ya ajabu, alama za pesa na nukta na herufi zenye kofia, ambazo hazipo duniani.

Dawa yake ipo: kuna mahali pa kuiambia kompyuta kwamba programu za zamani zisomewe Kijapani. Nimepapata. Programu sasa inatafuta majina ya kweli.

Ila majina ya kweli niliyafuta mimi. Inamtafuta mtu wa Japani, inakutana na Mtume Bartolomayo.

Jumamosi, 13 Desemba

Programu ina daftari lake la ndani lenye majina yote na idadi ya mishono ya kila mchoro. Limefungwa, sina ufunguo. Nimejaribu siku nne. Jina lazima liwe sahihi, na mishono lazima iwe yake, la sivyo inakataa.

Kwa hiyo majina yako mahali pawili tu: ndani ya daftari lililofungwa, na kichwani mwa mtu nisiyeruhusiwa kuzungumza naye.

Jumatano, 17 Desemba

Nimejaribu kupitisha kwa Arielle. Mimi sebuleni na karatasi, yeye kwenye mlango wa nyuma.

"Mwulize mama, ile ya masamaki jina yake ilikuwa namna gani?"

Ananong'ona, anarudi. "Anasema ni mutu anabeba kitanda."

"Kitanda kiko juu ya kichwa au mgongoni?"

Ananong'ona. "Anasema ni weye ndiye fundi, juu ya nini unauliza kitanda?"

"Ambia mama ni uchunguzi."

"Anasema kwenye kitanda kuko vijiti vine chini, kama miguu ya kuku."

Nilichora. Nikampelekea Arielle achukue, nikasahau kwamba mama haoni karatasi. Arielle akanirudishia.

"Constantin. Kama ni virusi, majina inatafutwa ya nini?"

Nikasema maziwa yanachemka. Hatukuwa na maziwa.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Tulikula kuku, mimi sebuleni, wao chumbani. Mifupa ilikutana kwa mbwa.

Jumapili, 4 Januari 2026

Nimemwambia Arielle. Yote: Kifaransa, mitume, kwaya, Adrien.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali.

"Na mwezi muzima unanituma minye, mimba tumboni, naenda namudanganya mama yangu kwa kinywa yangu. Umeme. Mvua. Virusi." Akakaa kitandani. "Minye hapana poste. Kuanzia leo kama uko na neno, peleka weye mwenyewe."

"Desturi hairuhusu."

"Desturi iliruhusu bongo yako ya virusi?"

Nikageukia ukuta, kwa mazoea.

Nimemtafuta Adrien anishauri. Akasema: "Muambie ordinateur yake, ile kompyuta, ilikufa, banunue ingine, minye iko nazo tatu." Ila nilipokuwa naondoka akaniita, akanifungia betri ya gari kwenye baiskeli. "Mvua hii umeme utakata kila siku. Siku ule mama alinunua mashini, alinifundisha minye mwenyewe kutia uzi. Betri utarudisha ukimaliza." Nimeanza kumwamini kidogo, siku za Jumatatu.

Jumapili, 11 Januari

Baada ya misa Arielle alienda kwa dada yake makusudi. Tukabaki wawili nyumbani, na ukuta.

Mama mukwe alikuwa jikoni, nyuma ya pazia, anachagua maharagwe kwa vidole. Mimi nikasimama upande huu na mgongo wangu kwake, uso kwenye kalenda. Nikaiambia kalenda kila kitu. Niliiambia kwamba hakukuwa na virusi. Kwamba nilifuta majina yake kwa mkono wangu, nikiimba. Kwamba ndege huenda wako hai humo ndani lakini sijui waliitwaje. Kwamba naomba msamaha.

Maharagwe yakaacha kudondoka. Kisha nikasikia sauti yake, kwa mara ya kwanza ikiwa haipiti kwa mtu. Hakuwa anasema nami. Alikuwa anasema na sufuria.

"Weye sufuria, sikia. Ule mwenye nyumba anafikiri sikujua. Nilijua tangu paka siku ya kwanza. Arielle alinisomea ku kioo, yeye hakuelewa: Petero, Andrea, Yakobo. Minye nikasema, ah, huyu mukwe amefanya ubatizo."

Nikasikia akigonga ukingo wa sufuria kwa kidole.

"Juu ya nini sikusema? Sufuria, muntu anaimba vile wakati anaharibisha ni muntu anafikiri anasaidia. Bakwe wengine bananunulia mama kitambaa, banakwenda. Huyu alitaka kusaidia mpaka akaua. Sasa minye nimupatie haya ku nyumba yake mwenyewe, na mabati yangu iko ku uwanja ya mpira?"

Akacheka. Kicheko kidogo, cha puani. Arielle hucheka hivyo hivyo, nami miaka miwili nilidhani ni chake.

"Uambie ule mwenye nyumba," akaiambia sufuria, "macho imekufa, lakini vidole bado. Aniachie muda."

Niliendelea kutazama kalenda. Tarehe zilikuwa zinaelea.

Jumanne, 13 Januari

Asubuhi kwenye kiti changu: kipande cha gunia la unga, kimeshonwa kwa uzi mnene wa sufu nyekundu. Alama ya Kijapani, kubwa kama kiganja. Ameishona kwa kupapasa, kutoka kumbukumbu. Chini yake samaki mdogo, ili nijue mle ndani mna nini.

Kweli ni mtu anabeba kitanda, na miguu ya kuku iko minne.

Jumatano, 14 Januari

Leo vipande vinne. Kompyuta ina mahali ambapo unachora alama kwa kidole na yenyewe inakisia ni ipi. Nachora, inakisia, nampa mtume mmoja jina hilo, programu inakataa. Nampa mwingine, inakataa. Mtume wa tisa, samaki wakatokea kwenye kioo, rangi zote. Nilipiga kelele hadi mbwa akaondoka.

Arielle akaichukua kompyuta, na baada ya dakika, chumba cha nyuma, mashine ikalia.

Ijumaa, 16 Januari

Vitatu. Umeme hakuna, betri ya Adrien ipo.

Jumatano, 21 Januari

Vitano. Katika kimoja aliacha kijiti. Nilijaribu mitume na kwaya yote bila mafanikio. Nikaiambia kalenda kwa sauti: "Kuna kijiti kinapungua chini kushoto." Jioni kitambaa kilirudi na kijiti.

Jumamosi, 24 Januari

Viwili. Arielle ameanza kuzungumza nami tena, kwa sasa kuhusu chumvi tu.

Ijumaa, 30 Januari

Wiki hii vitambaa vimekuja kila asubuhi, na folda thelathini zimerudi. Imebaki moja, na ndiyo ya ndege. Kitambaa chake kilikuja leo, cha mwisho, na kilikuwa rahisi kuliko vyote: msalaba. Mistari miwili tu, wima na mlalo.

Arielle amenieleza, sasa mazungumzo yetu yamevuka chumvi. Mama alipokuwa anatafuta mahali pa kuweka mchoro wa mjukuu, aliona kati ya majina yote moja lililo msalaba, akafurahi kuwa hata Wajapani wameuweka Msalaba mle ndani. Akaweka kazi yake bora hapo, chini ya ulinzi.

Nimetafuta: kwao ni namba kumi.

Nimeichora. Nimeipa jina hilo folda pekee iliyobaki, Adrien. Programu imekataa.

Jumapili, 1 Februari

Imekataa.

Jumanne, 3 Februari

Imekataa. Arielle haulizi, lakini kila nikipita anashika tumbo kwa mikono miwili kana kwamba nitalibatiza. Mama mukwe anakohoa, natazama ukuta, anapita taratibu, mkono ukipapasa mlango. Ameanza kupita taratibu zaidi. Sidhani ni miguu, ni lile jicho la ukungu.

Jumapili, 8 Februari

Mvua kubwa, na nimekamata mwizi.

Nimefungua msalaba kwa programu inayoonyesha namba zilizo chini ya alama. Kama zote, ni namba mbili. Lakini ile ya pili, peke yake, ni namba ya mstari ulioinama, ule ambao kompyuta hutumia kutenganisha folda na kilichomo: nyumba, mstari, chumba, mstari, kitanda. Kwa kompyuta ule mstari ni mlango.

Mjapani akisoma namba mbili pamoja, anaona kumi, anapita. Ila siku zile programu ilipokuwa inasomeshwa Kifaransa na mimi, ilisoma moja moja, ikaona nusu ya jina, kisha mlango. Ikaandika hivyo kwenye daftari lake: ndege wako ndani ya nusu jina, nyuma ya mlango. Tangu siku ile inabisha hodi kwenye nyumba ambayo haikujengwa. Mama alitafuta ulinzi, akachagua jina pekee kati ya thelathini na moja linaloweza kukatwa katikati.

Basi nikaijenga. Nikatengeneza folda yenye nusu ya jina, kisanduku kitupu kisichosomeka kwa lugha yoyote, nikaweka ndege ndani.

Saa kumi na dakika tano mchana wakatokea. Matete yanainama upande mmoja, upepo unaonekana bila kuchorwa. Ndege wawili wamekamilika hadi kucha. Wa tatu ana kichwa, shingo na bawa moja. Chini ya hapo ni nyeupe.

Nilidhani nimepoteza kipande. Nikaiambia kalenda, polepole: "Wa tatu hana miguu."

Nyuma ya pazia kisu kikawekwa chini. Halafu, kwa sufuria: "Hapo ndipo jicho liliishia."

Hakuwahi kumwambia mtu kwamba haukukamilika. Alitaka tuamini kwamba akiba imejaa.

Jumatatu, 9 Februari

Kwa hiyo ndege wa tatu anahitaji mtu anayejua miguu yake na mtu anayeiona. Watu hao wawili ni lazima wakae mbele ya kioo kimoja.

Arielle ametuma ujumbe kwa shangazi zake wote. Hakuniuliza.

Jumamosi, 21 Februari

Nimeingizwa.

Wanawake tisa, kuku wawili (mmoja alilala chumbani kwetu usiku wa kuamkia leo, kwa usalama). Walinikalisha mkekani, wakaniosha mikono, wakanicheka nywele. Shangazi mkubwa akaniuliza mbele ya wote: "Na weye njo ule padri mwenye alibatiza kompyuta?" Habari imefika hadi kwenye ukoo.

Kisha wakamleta. Nikainua macho. Ni mfupi. Miaka miwili nilimwogopa mwanamke mrefu.

Alinyoosha mkono, akanipapasa uso, paji hadi kidevu, kama anavyopapasa kitambaa kutafuta upande wa mbele.

"Bon," akasema. "Kula, tata. Iko kazi." Tata kwao ni baba.

Jumatatu, 23 Februari hadi Ijumaa, 6 Machi

Hakuna cha kuandika, tunafanya kazi. "Teremusha mustari. Hapana, ndege anasimama ndani ya maji, hapana ku sima, ku sakafu ya nyumba. Goti yake inakunjika nyuma. Nyuma, tata! Hujaona ndege?" Nimemwona kila siku maishani na sikuwahi kutazama magoti yake. Yeye anafumba macho, anachora hewani, mimi nafuata kidole. Ananiita tata, namwita mama, na kwa siku nzima hatuhitaji jina lingine.

Jumamosi, 14 Machi

Arielle amejifungua jana alfajiri, msichana, kilo tatu kasoro kidogo. Jina ni Jaël. Sikupewa nafasi ya kuchagua; Arielle alisema mimi nimeshabatiza vya kutosha.

Jana mchana nilikimbia nyumbani kuchukua kitambaa. Mama alikuwa anakimalizia. Akaniita ndani, na kwa mara ya kwanza nikasimama mbele ya mashine yenyewe, ile niliyoisikia miezi minne kupitia ukutani. Sindano ilikuwa inamaliza mguu wa ndege wa tatu. Nikainama kwenye kioo chake kidogo kutafuta jina tulilolihangaikia tangu Novemba.

"Mama, humu ndani jina liko wapi?"

"Jina gani? Ile mashini haisomake majina. Kila kitu inakiita namba."

Nikatazama vizuri. Ndege wetu wanaitwa 3.